Kabla ya kuuliza ree, tazama uru zako

Wanafunzi wangu wa briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, huniuliza: tukishajua tunazo ree tatu kati ya nne, kwa nini tusinadi slemu, yaani tuahidi kula mara 12 kati ya 13? Huwajibu kwa karata nilizowahi kuzishika mwenyewe.

Shupaza: mfalme, malkia, 7. Kopa: mfalme, malkia, ghulamu, 8, 4. Uru: 7, 3. Pau: ree, mfalme, 5. Nikafungua kopa 1 (ahadi ya kula mara 6 na 1 zaidi, kopa zikiwa turufu), mwenzangu akapandisha hadi kopa 3. Papo hapo nikanadi 4 bila turufu, lile swali la ree alilolibuni Easley Blackwood wa Indianapolis mwaka 1933. Mwenzangu akajibu kopa 5, maana yake ana ree mbili. Kwa yangu moja zikawa tatu, nikanadi kopa 6.

Mpinzani akaanza na ree ya uru, akafuatisha mfalme wa uru. Mwenzangu alikuwa na malkia, ghulamu na 4. Mkataba ulivunjika kabla sijagusa turufu hata moja, na iliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu peke yangu.

Blackwood inakwambia ree ni ngapi, haikwambii ziko wapi. Mwenye karata mbili ndogo za aina ambayo mwenzake hajaitaja asiulize. Hali kadhalika asiye na karata kabisa ya aina fulani: ree ya mwenzake ikiwa ya aina hiyo, haimwongezei chochote cha maana.

Nilipaswa kunadi shupaza 3. Turufu ilikwisha kuwa kopa, kwa hiyo mwenzangu angeelewa kuwa sitaki kucheza shupaza, namwonyesha kwamba upande huo nina kinga: ree, mfalme, karata moja tu, au sina kabisa. Naye angetaja kinga yake iliyo karibu zaidi kwa mpangilio wa mnada. Akirudi kopa 4 amezipita pau na uru, yaani hana kinga kwa zote mbili. Pau ninazo mimi. Uru hazina mwenyewe! Tunaishia hapo, tunakula mara 11, tunaandika pointi 450.

Wengi siku hizi humhesabu mfalme wa turufu kama ree ya tano. Ni nyongeza nzuri, ila haizibi pengo hilo la uru.

Sasa hesabu. Mkiwa hamko hatarini (hali ambayo huongeza zawadi na adhabu), kopa 6 ikitimia ni 980, na kopa 4 kwa kula zile zile 12 ni 480: faida 500. Ikikosekana kwa moja mnapoteza 450 zenu na kutozwa 50, nazo ni 500. Basi nafasi ikizidi nusu, nadi. Slemu kubwa, ahadi ya kula zote 13, ni habari nyingine: kopa 7 ni 1510 badala ya 1010 za kopa 6 kwa kula zile zile 13, lakini ikikosekana kwa moja umetupa 980 na kutozwa 50. Hapo unahitaji nafasi ya theluthi mbili, nami sinadi 7 mpaka nizihesabu zote 13.