Kupima kibodi ya laptopu bila kuigusa

Kubonyeza vitufe kimoja kimoja huku ukitazama herufi zikitokea, hilo silihesabu kuwa jaribio. Hakuna kidole kinachoweza kubonyeza kwa milisekunde 8 kamili, na hitilafu nyingi hujificha hapo.

Kibodi ya laptopu haina waya wa kila kitufe. Vitufe hukaa kwenye wavu. Chromebook nyingi (laptopu za mfumo wa ChromeOS wa Google) zina safu 13 za wima na mistari 8 ya mlalo. Chipu inayoisimamia hushusha volti ya safu moja, hungoja umeme utulie, husoma mistari, kisha huhamia safu inayofuata. Katika Chromium EC, programu huria inayoendesha chipu hiyo kwenye Chromebook, kungoja huko kwa kawaida ni mikrosekunde 50. Kitufe hakihesabiwi kuwa kimebonyezwa mpaka kitulie milisekunde 9 bila kutetema; kikiachiliwa, 30. Naona ni busara: herufi ikichelewa kuingia utakereka, kitufe kikichelewa kuachiliwa hutajua.

Basi mimi huiendesha programu hiyo kwenye kompyuta ya kawaida, kwa wavu bandia na saa bandia. Kitufe kishuke, saa isonge milisekunde 8, kiachiliwe: hakuna herufi inayopaswa kutoka. Kwa milisekunde 15, itoke. (Si 10, maana wavu hupitiwa kila milisekunde 3.)

Utamu uko kwenye vitufe hewa. Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili ndani ya wavu, umeme huzunguka na pembe ya nne huonekana imebonyezwa, jina kwenye orodha ya mshahara bila mtu. Safu mbili zote husomeka 00000101, kila tarakimu (biti) ikiwa mstari mmoja na 1 ikimaanisha kimebonyezwa. Programu hutafuta mistari ambayo safu zote mbili zina 1: ikizidi mmoja, usomaji wote hutupwa. Ila pembe isiyo na kitufe hufutwa kwanza kwa orodha ya vitufe halisi, na orodha hiyo ndiyo watu husahau kuipima.

Hapa Nairobi jambo hili si nadharia. Laptopu za mitumba kutoka Uingereza zina kitufe cha ziada kando ya Shift ya kushoto, ambacho za Kimarekani hazina. Orodha isipokitaja, kitakuwa bubu, na fundi atabadilisha kibodi nzima bure.

Zile mikrosekunde 50 ndizo wavu bandia hauwezi kuzithibitisha, kwa kuwa umeme wake hutulia papo hapo. Hizo nazipima kwa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha volti ikibadilika, kwenye ubao wenyewe wa laptopu, utepe wa kibodi ukiwa umechomekwa.