Vipande vya uzito vya mzamiaji si chuma tu

“Ni chuma tu, kitafanya nini?” Ndivyo wengi wasemavyo wakitupa vipande vya uzito, vile mzamiaji anavyojifunga ili azame, ndani ya begi moja na miwani ya kuzamia na vifaa vya kupumulia. Kwanza, mara nyingi si chuma. Ni risasi, ile metali nzito na si ya bunduki, na risasi ni sumu.

Kukishika kipande kizima si tatizo kubwa, maana risasi haipenyi ngozi kirahisi. Tatizo ni vumbi. Risasi ni laini, hata ukucha huikwaruza; vipande vikisuguana safari nzima kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, huacha unga wa kijivu. Pangusa kwa kidole uone. Unga huo ukiingia kwenye ile sehemu ya kifaa cha kupumulia unayoiuma mdomoni, au ukishika chapati kabla ya kunawa, umeshaumeza. Nyumbani, watoto ndio huathirika zaidi.

Kwa hiyo vipe kreti lake, likae chini kabisa sakafuni mwa boti. Na usilijaze: kilo 10 za risasi hazifiki hata ujazo wa lita moja, kreti huonekana halina kitu kumbe ni zito, ndiyo maana migongo huteguka likiinuliwa. Vilivyofunikwa plastiki ni afadhali, mpaka plastiki ichubuke.