Testosteroni Ikipungua: Dhana Potofu Kuhusu Tiba na Ukweli Wake

Mwanamume anayeamka amechoka kila siku, na hamu ya tendo la ndoa imemwisha, huwa tayari kukubali tiba yoyote atakayoambiwa. Hapo ndipo pa hatari. Tiba za upungufu wa testosteroni, yaani homoni ya kiume, ni zaidi ya moja, na ile inayotajwa kwanza yaweza kumnyima kitu ambacho hakuna aliyemuuliza kama bado anakihitaji.

Dhana: Dalili zikiwepo, kipimo kimoja kinatosha.

Uchovu na kukosa hamu huletwa pia na usingizi mbovu, sonona, kisukari au upungufu wa damu. Testosteroni nayo haitulii: huwa juu asubuhi, hushuka kadiri siku inavyokwenda, na huporomoka kwa muda mtu akiugua sana. Kwa hiyo damu hutolewa asubuhi, ikiwezekana kabla ya kula, kisha kipimo hurudiwa siku nyingine. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kimeweka mpaka kwenye nanogramu 300 kwa desilita, na sharti dalili ziwepo pia. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010, uliotaka dalili na kipimo vikubaliane, ulikuta tatizo hili kwa wanaume wapatao 2 tu katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 hadi 79.

Dhana: Testosteroni ya sindano au jeli humwongezea mwanamume uwezo wa kuzaa.

Ni kinyume kabisa, na hili ndilo linaloumiza wengi. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni za LH na FSH zinazoziagiza korodani kutengeneza testosteroni na mbegu. Damu ikiwa na testosteroni ya kutosha, pituitari huacha kuagiza. Haijali kama homoni imetoka korodanini au kwenye bomba la sindano. Korodani zisizoagizwa husinyaa. Kiwango cha testosteroni ndani yake, ambacho kwa kawaida huzidi mno kile cha kwenye damu, hushuka, na mbegu hupungua au huisha.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kulijaribu jambo hili kama njia ya uzazi wa mpango. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, wanaume wenye afya walichomwa miligramu 200 kila wiki, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na mbegu hata moja ndani ya miezi 6. Baada ya kuacha, wengi hurudi hali ya kawaida katika miezi 6 hadi 12, ila wengine hungoja hata miaka 2. (Wala usiitegemee kuzuia mimba: si wote wanaoishiwa mbegu.)

Anayetaka mtoto ana njia nyingine. Vidonge vya klomifeni huisukuma pituitari iagize zaidi, na sindano za homoni ya hCG hufanya kazi ya LH. Njia hizi humfaa ambaye korodani zake bado zinaweza kuitika. Kipimo cha LH ndicho kinachoonyesha: ikiwa juu huku testosteroni iko chini, hitilafu iko korodanini, na klomifeni haitamsaidia sana. Kwangu mimi, daktari anayeandika sindano bila kuuliza habari ya watoto ameruka swali la kwanza.

Dhana: Tiba hii huua moyo na kuleta saratani ya tezi dume.

Utafiti wa TRAVERSE wa mwaka 2023 ulifuatilia wanaume zaidi ya 5,200 wenye testosteroni ya chini, wote wakiwa na ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata. Waliopaka jeli ya testosteroni hawakupata mshtuko wa moyo au kiharusi zaidi kuliko waliopewa jeli isiyo na dawa, na saratani ya tezi dume haikuongezeka kwa kiasi cha maana. Hata hivyo mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda mapafuni na madhara ya figo vilionekana zaidi kwao. Mwenye saratani hiyo tayari huamuliwa na bingwa wake. Damu pia huweza kuwa nzito mno, hasa kwa sindano. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikivuka asilimia 54, dawa husimamishwa.

Dhana: Sindano, jeli, vyote ni vilevile.

Sindano za muda mfupi hupandisha na kushusha hali ya mtu baina ya dozi. Jeli huenda sawia, lakini huweza kumhamia mke au mtoto akigusa ngozi iliyopakwa. Funika sehemu hiyo na unawe mikono.

Dhana: Ukiongezewa homoni, nguvu zote hurudi.

Majaribio ya wanaume 790 wa miaka 65 na kuendelea, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha hamu na tendo vikiimarika kiasi, lakini uchovu haukupungua kwa maana. Uume usiosimama mara nyingi ni shida ya mishipa ya damu, na una dawa zake. Mwenye uzito mkubwa akipungua vya kutosha, testosteroni yake yenyewe hupanda, korodani zikiendelea na kazi. Aliyeanza homoni, kipimo kikawa sawa, lakini miezi 3 hadi 6 ikapita dalili zikiwa palepale, azungumze na daktari kuhusu kuiacha na kutafuta chanzo kingine.