Taarifa Kwanza, Bwawa Baadaye: Sheria ya Kimataifa Katika Mito Inayovuka Mipaka

Mto Mara unaanzia msitu wa Mau, Kenya, na kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Umwagiliaji ukipanuliwa huko juu, walio chini ndio wanaoona kina kikishuka wakati wa kiangazi. Sheria ya kimataifa haiongezi maji mtoni. Inawalazimu majirani kuzungumza kabla zege halijamwagwa. Kwa bonde hili, Itifaki ya Ziwa Victoria ya 2003 inazitaka Kenya, Uganda na Tanzania kupeana taarifa za miradi.

Utaratibu wenyewe umefafanuliwa vizuri katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mikondo ya maji ya kimataifa, ulioanza kutumika tarehe 17 Agosti 2014. Nchi yenye mradi unaoweza kumwathiri jirani vibaya hutuma taarifa mapema, pamoja na takwimu na tathmini ya athari kwa mazingira. Jirani ana miezi 6 ya kujibu, na akikabiliwa na ugumu maalumu huongezewa 6 mingine. Muda huo mradi hautekelezwi bila ridhaa yake. Akipinga, lazima atoe sababu na ushahidi, kisha mashauriano huanza. Wengi hudhani jirani ana kura ya turufu. Hana. Na asipojibu kabisa, mradi unaweza kuendelea kama ulivyoelezwa kwenye taarifa, kwa hiyo barua kulala mezani wizarani ni hatari kubwa.

Kosa la kawaida ni kutoa kibali kwanza, taarifa baadaye. Uruguay ilifanya hivyo kwa viwanda vya massa ya karatasi kando ya mto ulio mpakani mwake na Argentina, na tarehe 20 Aprili 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba ilivunja wajibu wake kwa Argentina, ingawa uchafuzi uliodaiwa haukuthibitika.

Ugumu mwingine ni mgawo wa kiasi kisichobadilika. Makubaliano ya Nile ya 1959 yaliipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 na Sudan bilioni 18.5 kwa mwaka, bila fungu lolote kwa nchi za juu. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, ulioanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, unasimamia matumizi ya haki na ya busara, lakini Misri na Sudan hazimo. Mvua zikipungua, mgawo wa asilimia ya mtiririko uliopimwa ndio unaotekelezeka. Nao unahitaji vituo vya kupima maji vinavyofanya kazi pande zote mbili za mpaka, na takwimu zinazotumwa kwa wakati.