Nani alikuwa ameshika funguo? Wizi na utapeli wa Bitcoin miaka ile ya mwanzo

Kila nikifundisha mambo ya usalama wa mifumo kuna swali halikosi, eti mwalimu, hii Bitcoin, hela ya mtandaoni, si ilishahakiwa zamani? Wanauliza hivyo kwa sababu wamesikia habari za Mt. Gox, soko la kununua na kuuza Bitcoin, wamesikia watu walilizwa mamilioni, na mimi siwezi kulijibu kwa ndiyo au hapana. Huwa naanza na habari ya chenji.

Agosti 2010 kulikuwa na jamaa mmoja mtandaoni akijiita Stone Man, ana bitcoin 9,000 zake. Enzi hizo bitcoin moja haikufika hata senti kumi za dola, kwa hiyo usimuone kama tajiri, ila alikuwa mtu makini. Programu yake alikuwa anaiendesha kwenye kompyuta iliyowashwa kwa CD ili virusi visipate pa kukaa, na faili la waleti alishalifanyia bakapu kwenye flash. Siku hiyo akajitumia mwenyewe bitcoin 1, kujaribu tu, akazima mashine. Kurudi, zile 8,999 hazipo.

Hakuna mtu aliyeziiba. Bitcoin inavyofanya kazi ni kama noti, ukiwa na noti ya elfu kumi na unanunua kitu cha elfu moja huichani noti, unaitoa yote halafu unarudishiwa chenji, sasa programu ile chenji ilikuwa inaipeleka kwenye anwani mpya kabisa, yenye ufunguo mpya, yaani namba ya siri inayoruhusu kutumia hela iliyopo hapo, uliotengenezwa sekunde ile ile. Bakapu yake ilikuwa ya kabla ya sekunde hiyo. Alipozima mashine, ule ufunguo mpya ukafutika nayo. Hela ipo kwenye daftari la Bitcoin, lile la wazi la miamala yote, kila mtu anaiona, na hakuna duniani anayeweza kuigusa. Miezi michache baadaye programu ilirekebishwa ikawa inatengeneza funguo 100 mapema zikae akiba, ili bakapu ya jana iweze kufungua chenji ya kesho.

Naipenda hii habari kwa sababu inakuonyesha waleti ni kitu gani haswa. Waleti haina hela ndani, ni faili la funguo. Faili lenyewe lilikuwa linaitwa wallet.dat, na mwenye nakala ya faili hilo ndo mwenye mali, basi, hakuna meneja wa tawi, hakuna kitambulisho, hakuna namba ya huduma kwa wateja.

Na niwe mkweli, programu yenyewe iliwahi kupasuka kweli. Tarehe 15 Agosti 2010, kwenye bloku namba 74,638 (bloku ni kama ukurasa mmoja wa lile daftari), mtu alitumia kosa la kujumlisha namba kubwa akajitengenezea bitcoin zaidi ya bilioni 184, wakati mwisho wa zote zitakazowahi kuwepo ni milioni 21. Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, na wenzake walitoa programu iliyorekebishwa ndani ya masaa machache, wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazothibitisha miamala na kulipwa bitcoin mpya, wakahamia kwenye toleo jipya, ule mnyororo wa bloku wenye bitcoin za uongo ukaachwa. Jumuiya ilikuwa ndogo, watu wanajuana kwa majina ya mtandaoni, wakakubaliana siku moja ikaisha. Yaliyofuata baada ya hapo, yale yaliyowatoa watu machozi, karibu yote yalitokea pembeni ya programu, pale funguo zilipokuwa zimewekwa.

Njoo Juni 2011. Bei imepanda mpaka dola 30 na ushee, magazeti yameanza kuandika, na mtu mwenye jina la allinvain akaamka akakuta bitcoin zake 25,000 zimehamishwa. Kwa bei ya siku zile ni karibu dola nusu milioni. Alikuwa amezichimba mwenyewe zamani, zikakaa tu kwenye kompyuta yake ya Windows, na virusi vilipoingia kazi ilikuwa nyepesi mno. Fikiria unavyonakili picha moja kutoka kwenye simu kwenda kwenye flash. Faili la wallet.dat lilikuwa linakaa kwenye folda inayojulikana, ile ile kwenye kila Windows, na halikuwa na pasiwedi hata kidogo. Virusi havihitaji akili yoyote hapo, vinaenda kwenye folda, vinanakili, vinatuma. Uwezo wa kuweka pasiwedi kwenye waleti ulikuja Septemba 2011, toleo 0.4.0, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu tangu mfumo uwashwe Januari 2009!

Mimi hapa ndo huwa nasimama darasani nikawaambia watu wasiwacheke wale jamaa. Weka akilini mtu wa kawaida mwaka 2011, kasoma habari ya allinvain, anaogopa kompyuta yake, anafanya nini? Anatafuta mtu anayejua zaidi yake amtunzie. Ni jambo la busara kabisa kwenye maisha ya kawaida, ndo maana kuna benki. Kwa hiyo woga wa wizi wa nyumbani ndo uliwasukuma watu kwenye mikono ya watu wasiowajua, na kwangu hili ni fundisho kubwa kuliko virusi vyenyewe.

Kulikuwa na tovuti inaitwa MyBitcoin, inakutunzia bitcoin zako bure, unaingia kwa pasiwedi kama barua pepe. Mwenyewe anajiita Tom Williams. Tom Williams ni nani, anakaa wapi, ana sura gani? Hakuna aliyekuwa anajua, na tovuti ikawa maarufu hivyo hivyo. Mwisho wa Julai 2011 ikazima ghafla. Siku kadhaa kimya. Halafu ikarudi na tangazo kwamba imeibiwa, mwizi alitumia udhaifu wao wa kupokea malipo yaliyothibitishwa na bloku moja tu, kwa hiyo kila mwenye akaunti atalipwa asilimia 49 ya salio lake. Zilizopotea ni kama bitcoin 78,000. Aliibiwa kweli au aliiba? Kitaalamu maelezo yale yanawezekana, bloku moja ni chache, ndo maana wengi walikuwa wanasubiri sita, lakini ukishampa funguo mtu asiye na jina huna hata pa kuanzia kuuliza.

Na hayo mambo yalikuwa yanaunganika. Mwezi mmoja kabla, tarehe 19 Juni 2011, soko la Mt. Gox kule Tokyo liliingiliwa. Hii Mt. Gox jina lake linatokana na tovuti ya kubadilishana kadi za mchezo, Jed McCaleb ndo aliigeuza kuwa soko la Bitcoin mwaka 2010, akamuuzia Mfaransa Mark Karpelès mwaka uliofuata. Mwizi alipata akaunti yenye madaraka, akauza bitcoin kwa fujo mpaka bei ikashuka kutoka dola 17 hadi senti moja, ndani ya dakika tu, soko likafungwa na biashara zile zikafutwa. Kabla ya hapo orodha ya watumiaji wapatao 60,000 ilikuwa imeshavuja, majina, barua pepe na pasiwedi zilizofichwa kihisabati, nyingine zimefichwa vibaya. Sasa wewe mwenye pasiwedi moja kila mahali unajua kilichofuata, wezi wakazifumbua zile dhaifu wakaenda kuzijaribu MyBitcoin, wakafungua akaunti za watu kule bila kuvunja chochote.

Bitomat ya Poland nitaitaja haraka, mwezi Julai huohuo, bitcoin 17,000 za wateja zilipotea kwa sababu seva waliyokodi ilizimwa na kuwashwa upya na diski yake ilikuwa ya muda, ikajifuta. Bakapu hakuna. Hata mwizi hakuhitajika.

Tuje kwenye kitu ambacho kwangu ndo kiini, namna hawa watu walivyokuwa wanapimana uaminifu. Kulikuwa na chumba cha maongezi kinaitwa bitcoin-otc, watu wanauziana moja kwa moja, mimi nakutumia dola wewe unanitumia bitcoin. Shida inajulikana, nani anaanza kutuma? Muamala wa Bitcoin ukishapita haurudi, na ule wa dola mara nyingi unaweza kurudishwa, kwa hiyo muuzaji wa bitcoin ndo alikuwa anapigwa sana. Walichofanya ni kizuri kweli, kila mtu alijisajili kwa ufunguo wake wa GPG, programu ya saini za kidijitali, ili asiigizwe na mwingine, na baada ya biashara mnapeana alama kuanzia hasi 10 hadi 10. Ukitaka kumjua mgeni unauliza mfumo, je, watu niliowapa alama mimi wamempa huyu alama gani? Ni kama kuulizia mtu mtaani kwa wale unaowaamini, ila kwa namba.

Pengo lake ni moja na ni kubwa. Alama 50 nzuri zinakwambia mtu huyu alituma dola 200 mara 50. Hazikwambii atafanya nini siku akishika za watu wote kwa pamoja.

Siku hiyo ilikuja na mtu anayejiita pirateat40. Jina lake halisi Trendon Shavers, wa McKinney, Texas. Kuanzia Novemba 2011 alikuwa anapokea bitcoin za watu na kuwalipa riba ya asilimia 7. Kwa wiki! Chukua kikokotoo, ukiiacha riba izae riba kwa wiki 52 bitcoin yako moja inatakiwa iwe zaidi ya 33. Alisema anauza bitcoin kwa wanunuzi wa kwao kwa faida na hatari ni kama hakuna. Na alilipa, jamani, alilipa kila wiki kwa miezi, ndo maana watu waliokuwa wanapiga kelele kuwa hii ni Ponzi, utapeli wa kuwalipa wa mwanzo kwa hela za wapya, waliambiwa wana wivu, au waliambiwa waonyeshe ushahidi, wakati aliyeshika hela za watu ndo alitakiwa aonyeshe.

Aliyeishi Tanzania 2009 wakati wa DECI, ule upatu wa watu kupanda na kuvuna hela, hahitaji kuelezwa zaidi. Ila kuna tofauti moja ya kiufundi inayonisumbua mpaka leo. Kwa Shavers wengine hawakujua kabisa kuwa hela yao ipo kwake. Kulikuwa na watu wa kati, wenye alama zao nzuri, wanafungua mifuko midogo, wanakupa riba pungufu kidogo na wao wanapeleka kwa yule yule. Wewe unaamini umegawa mayai kwenye vikapu vitano kumbe vikapu vyote vinamwagwa kwenye gunia moja. Ule mtandao wa uaminifu uliojengwa kwa upendo kabisa ndo uliokuwa unambebea.

Agosti 2012 akapunguza riba, kisha akafunga. Tume ya dhamana ya Marekani, SEC, ilimshtaki Julai 2013, ikasema alikusanya angalau bitcoin 700,000, waliotangulia wanalipwa kwa hela za waliofuata, na nyingine zimeenda kwenye kodi ya nyumba, chakula na kasino. Akajitetea kuwa bitcoin si hela kwa hiyo sheria haimhusu, mahakama ya Texas ikamkatalia Agosti 2013. Mwaka 2014 akaamriwa alipe zaidi ya dola milioni 40, na 2016 akafungwa mwaka mmoja na nusu. Mwaka mmoja na nusu! Nimeumia kila nikiisoma hukumu hiyo.

Katikati ya hayo, Machi 2012, kampuni ya kukodisha seva ya Linode iliingiliwa na wezi wakaenda moja kwa moja kwenye seva za watu wa Bitcoin. Bitcoinica, soko lililoanzishwa na kijana wa miaka 17, ilipoteza bitcoin 43,554 usiku mmoja kwa sababu funguo za hela hizo zilikuwa kwenye seva iliyounganishwa na intaneti. Bitfloor nao Septemba mwaka huo, 24,000, mwizi alikuta bakapu ya funguo isiyofichwa. Watu wa masoko walianza kuelewa polepole kwamba seva ya mauzo ibaki na hela ya chenji tu, ile nyingi ikae kwenye kibubu, mashine isiyogusa mtandao kabisa. Na kuanzia Aprili 2012 mfumo wenyewe ulirahisisha kuweka hela inayohitaji saini mbili kati ya tatu, mwizi akipata ufunguo mmoja hafiki popote. Mt. Gox hawakuokolewa na hayo, Februari 2014 wakatangaza bitcoin 850,000 hazipo, baadaye wakakuta 200,000 kwenye waleti ya zamani, na wadai wake walianza kulipwa bitcoin zao Julai 2024.

Sasa ukinibana nikujibu kwa kifupi, ilihakiwa au haikuhakiwa? Ninachofanya ni kufungua daftari la Bitcoin mbele ya wanafunzi na kuwaonyesha muamala wa Juni 2011, bitcoin 25,000 zikitoka kwa allinvain. Bado upo, hautafutika. Nawaambia wakague saini, na kompyuta kumi zote darasani zinatoa jibu moja, saini ni sahihi, aliyetuma alikuwa na ufunguo.