"Ni meno tu, dokta": maswali ya wazazi na walezi wa vituo vya watoto

Kila wiki naletewa mtoto yule yule, jina tu ndilo hubadilika. Saa kumi na mbili asubuhi kapewa parasetamo ya maji nyumbani, kaachwa kituoni akiwa anacheka, na mama kawahi daladala ya Kariakoo. Kufika mchana anachemka. Mlezi anapiga simu, haipokelewi. Ninapomwona mimi ni saa moja usiku, midomo imekauka, shingo imelegea. Nikiuliza ameanza lini, naambiwa: "Tangu juzi, lakini ni meno tu, dokta."

Kumkagua mtoto kila asubuhi maana yake nini?

Ni dakika moja mlangoni, kabla mzazi hajaondoka. Mlezi anamtazama macho na ngozi, anamgusa kifua, anasikiliza anavyopumua, kisha anauliza: kalalaje, kala, kaharisha, kapewa dawa gani na saa ngapi? Anaandika kwenye daftari. Basi.

Hilo la dawa linawahusu nini walezi?

Linawahusu kuliko yote. Parasetamo hushusha homa kwa saa 4 hadi 6, haigusi kilichoileta. Ukimpa saa kumi na mbili na kunyamaza, mlezi anapokea mtoto anayeonekana mzima, malaria inaendelea na kazi yake. Halafu homa ikirudi mlezi naye, kwa huruma, anaongeza kijiko kingine bila kujua cha kwanza. Mzazi, ukificha dawa humkomoi mlezi.

Mwanangu ana miezi 8. Homa ya meno inatibiwaje?

Homa ya meno haipo. Jino likitoka mtoto hudondosha mate, hutafuna vidole, hulialia usiku, na joto huweza kupanda kidogo tu. Kipimajoto cha kwapani kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni homa na ina sababu yake. Hapa kwetu sababu ya kwanza kuiondoa ni malaria: tone la damu la kidoleni, dakika kama 20, una jibu.

Lakini bibi yake anasema watoto wote wa nyumbani waliharisha wakiota meno.

Bibi hasemi uongo, waliharisha kweli. Ila meno huanza kuota karibu na miezi 6, na ni wakati huo huo mtoto anaanza uji, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Kinga aliyotoka nayo kwa mama nayo imepungua. Kinachomharisha ni uchafu ulioingia tumboni, jino limesingiziwa. Kuharisha si meno. Kutapika si meno. Degedege si meno! Na tafadhali, wale wanaopeleka watoto kung'olewa "meno ya plastiki": kinachochimbwa pale ni mbegu ya jino halisi, kwa chombo ambacho hujui kimetoka kinywani mwa nani.

Akiharisha akiwa kituoni, mlezi afanye nini kwanza?

Aanze ORS, ile dawa ya unga ya pakiti yenye chumvi na sukari inayochanganywa na maji safi, hapo hapo, asingoje mzazi. Kwa aliye chini ya miaka 2, robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, ngoja dakika 10 uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zahanati watampa zinki ya siku 10 hadi 14. Mmalizie hata kama choo kimekuwa kizuri siku ya tatu. Na walezi, beseni moja la maji yale yale kunawisha watoto kumi na watano baada ya kubadili pampasi, hilo ndilo "meno" ninalolijua mimi.

Tumsubiri mama atoke kazini?

Hapana. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, hamsubiri mtu. Kifua kikibonyea ndani anapopumua, hamsubiri mtu. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: kuanzia 50 kwa mwenye miezi 2 hadi kabla ya mwaka, kuanzia 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, mpelekeni. Mlezi mmoja apande naye bajaji, mwingine aendelee kupiga simu. Ndiyo maana kila kituo kiandikishe namba mbili, na ya pili isiwe ya mtu anayefanya kazi na mama sehemu moja.

Macho mekundu, mafua, vipele?

Macho yenye tongotongo abaki nyumbani. Tuliona mwanzoni mwa 2024 yalivyozunguka jiji zima. Mafua mepesi bila homa, apokelewe. Vipele pamoja na homa, zahanati kwanza, na mje na kadi ya kliniki tuone kama chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18 zilichomwa.

Mzazi akifoka tukimkatalia mtoto mlangoni?

Atafoka, ana bosi anayemsubiri. Usibishane naye. Pima joto tena mbele yake, asome mwenyewe. Kisha mwandikie kwenye kipande cha karatasi nyuzi, saa, dawa aliyopewa na mara alizoharisha, aende nacho. Hicho kikaratasi huwa nakisoma kabla sijamgusa mtoto.