Je, Wajua Kwa Nini Vyuo Viwili Mashuhuri vya Atlanta Vilipitia Chini ya Kanisa Moja?

Morehouse, chuo cha wanaume, na Spelman, chuo cha wanawake, ni miongoni mwa vyuo vinavyoheshimiwa zaidi na Waamerika Weusi. Vyote viwili vipo Atlanta, katika jimbo la Georgia, na vyote viwili vilipata kufundishia katika chumba cha chini cha kanisa lile lile, Friendship Baptist. Kwa nini kanisa, na kwa nini chini?

Tangu mwaka 1829 sheria ya Georgia ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyoshikilia utumwa, vilipokwisha mwaka 1865, watu walioachwa huru walikuwa na kiu kubwa ya elimu, lakini serikali haikuwa imewajengea shule, na Atlanta yenyewe sehemu kubwa ilikuwa majivu, kwa kuwa jeshi la Jenerali William Sherman wa Kaskazini liliichoma Novemba 1864. Karibu jengo pekee ambalo watu hao waliweza kuliita lao lilikuwa kanisa. Ibada ilifanyika juu, na nafasi ya chini ikabaki tupu siku nyingi za juma. Hapo ndipo madawati yalipowekwa.

Sababu ya pili ilikuwa makanisa yenyewe, ambayo yalihitaji wachungaji wanaojua kusoma Biblia. Ndiyo maana Morehouse, iliyoanza mwaka 1867 katika mji wa Augusta, pia jimboni Georgia, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Springfield Baptist, ililenga kuandaa wahubiri na walimu. Ilipohamia Atlanta mwaka 1879 ilipokelewa Friendship na kuitwa Atlanta Baptist Seminary. Jina la Morehouse lilikuja mwaka 1913.

Miaka miwili baada ya uhamisho huo, walimu wawili kutoka Massachusetts, Sophia Packard na Harriet Giles, walifika Atlanta wakiwa na dola 100 walizochangiwa na kanisa moja la huko kwao. Mchungaji wa Friendship, Frank Quarles, akawapa chumba kile cha chini, chenye giza na unyevunyevu. Tarehe 11 Aprili 1881 walianza na wanafunzi 11, wengi wao wanawake waliowahi kuwa watumwa na ambao walitaka, kabla ya jambo lolote lingine, kujisomea Biblia wenyewe. Mwaka 1883 shule ilihamia katika majengo ambayo zamani yalikuwa kambi ya askari wa Kaskazini, na mwaka uliofuata ikapewa jina la Spelman, ukoo wa mke wa tajiri wa mafuta John D. Rockefeller, ambaye alikuwa ameanza kuifadhili. Wakwe zake hao walikuwa wapinzani wa utumwa, kwa hiyo jina hilo halikuwa la kujipendekeza kwa tajiri tu.

Fedha za Wazungu wa Kaskazini, hata hivyo, hazikuwa njia pekee. Mwaka huo huo wa 1881, katika kikao kwenye kanisa la Big Bethel la African Methodist Episcopal, dhehebu lililoongozwa na Waamerika Weusi wenyewe, waumini waliombwa kuchangia samani za chumba kimoja katika Chuo cha Clark, kilichoanzishwa na Wamethodisti wa Kaskazini. Muumini mmoja akauliza: ikiwa tunaweza kupamba chumba cha wengine, kwa nini tusijenge shule yetu? Swali hilo, kwa maoni yangu zuri kuliko hotuba nyingi za wakati ule, ndilo lililozaa Chuo cha Morris Brown, kilichofungua milango yake mwaka 1885.

Kutokana na mizizi hiyo, chuo na mimbari havikuachana upesi: Martin Luther King Jr. aliingia Morehouse mwaka 1944 akiwa na miaka 15, akifuata nyayo za baba yake na babu yake mzaa mama, wote wawili wachungaji wa kanisa la Ebenezer Baptist la Atlanta, waliosoma Morehouse.

Jengo la zamani la Friendship lilibomolewa mwaka 2014 ili kupisha uwanja mkubwa wa michezo, na waumini wakajenga kanisa jipya karibu na hapo.